Gari Gani?

Asubuhi ya kwanza lilikuwa tone moja,
jekundu, pana kama shilingi,
juu ya saruji tuliyoimwaga wenyewe hapa Mikindani.
Mama mkwe akasimama mlangoni na ndoo yake,
akauliza nani kachinja kuku bila kualika mtu.

Siku ya tatu kuku akawa mbuzi.
Usukani ukaanza kuguna kwenye kona,
mguno wa mtu aliyeamshwa kwa maneno,
na pale Changamwe niliikata kona kwa mabega, kwa meno,
trela la kontena nyuma yangu likipiga honi
kana kwamba barabara ni ya babake.

Miaka sita nimeliunda.
Fremu ya Land Rover iliyofia Mariakani,
injini ya Toyota, milango miwili isiyojuana,
kiti cha nyuma kilichokuwa benchi la kinyozi.
Watoto wa mtaa huliita Achari:
kila kitu kimo, na kila kitu chawasha.
Pampu yenyewe niliinunua Jomvu, kwa kilo,
haina jina, haina namba.

Nikalala juu ya katoni ya sabuni, nikaifungua.
Puli ikakataa kutoka.
Puli haitolewi kwa nyundo. Hilo nalijua,
ndiyo maana nilitazama kushoto na kulia
kabla ya kuipiga nyundo.

Mwembe Tayari, dukani kwa Taibali,
nikaiweka sili kuukuu juu ya kaunta,
ngumu kama ukoko wa wali.
"Gari gani?"
Nikamtajia fremu. Nikamtajia injini.
Akavua miwani. "Bwana Chiraba, nimeuliza gari."
Akapima, akachimba droo hadi chini,
akatoa sili ya pampu ya kisima.
"Hii itakaa. Sisemi mpaka lini."

Ilikaa siku mbili.
Ya pili, siku moja na nusu.
Wahenga walisema ufa, wakasema ukuta;
sili hawakuitaja,
wala hawakusema ufanyeje
ukishaziba, ukaziba tena, na pangali panavuja.

Ndipo Tunu akaacha cherehani,
akajifunga leso kiunoni, akaingia chini ya gari
na tochi mdomoni.
Yeye hushona sare za shule,
mshono mbovu huuona kabla haujafumuka.
Akapitisha ukucha juu ya shafti, taratibu,
akatoa tochi.
"Si mpira. Chuma ndicho kimeliwa.
Wewe wabadilisha kola, na shingo ina kovu."

Nikapitisha ukucha wangu. Ukanasa.
Mfereji mwembamba kama unywele:
kona za dereva nisiyemjua, miji nisiyoijua,
mpira laini mahali palepale, mwaka hadi mwaka,
mpaka chuma kikakubali.

"Basi usiikandamize mpaka mwisho," akasema.
"Iache nje kidogo, upana wa uzi.
Ishike pale ambapo hapajaguswa."

Sikusema kitu. Nilikuwa na pesa za sili ya nne
mfukoni, nimezikunja tayari.

Tuliigonga kwa soketi na kipande cha ubao,
yeye akihesabu kama anayekunja pindo.
Mafuta mapya. Magurudumu ya mbele hewani, injini kimya,
kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho,
mara ishirini, mkono ukafa ganzi,
povu likapanda chupani, likashuka, likatulia.
Nikawasha.
Kidole kimoja. Wallahi, kidole kimoja kiligeuza.
Tukaenda mpaka Makupa na kurudi, yeye akiendesha,
akikata kona zisizokuwepo.

Leo alfajiri nimeinama kutazama katoni.
Kavu. Kavu kabisa,
ila huku nyuma, chini ya injini,
tone moja, pana kama shilingi,
jeusi.

Mama mkwe ametua ndoo yake.
"Haya," asema, "na leo mmechinja kunguru?"